Ghorofa tano tupu na kiwanja cha magari: kisa cha jengo moja la ofisi karibu na Posta

Jina la mtaa, la kampuni na la kila mtu nimeliondoa, na vipimo viwili vitatu nimevisogeza kidogo ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Niliingia katika kisa hiki katikati, kama mshauri wa usimamizi wa majengo, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata kwenye mafaili na kwa kuambiwa.

Jengo na wenyewe

Ni ghorofa kumi za ofisi juu ya duka, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kila ghorofa ina mita za mraba 480 za kupangisha, jumla mita 4,800. Duka la chini ni la familia, wanauza vifaa vya umeme na hawajilipi pango. Jengo lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000: saruji na vigae, madirisha ya kufungua kwa mkono, lifti mbili za watu wanane wanane. Mwenye jengo, ambaye nitamwita Mzee, alianzia Kariakoo. Mambo ya kila siku yanaendeshwa na binti yake, mhasibu.

Pembeni kuna kiwanja cha pili cha mita za mraba 1,100, walichokinunua mwaka 2014 kwa mkopo wa dola. Marejesho yalikuwa dola 21,000 kwa mwezi. Walikimwagia changarawe, wakajenga kibanda cha mlinzi, magari ya wapangaji yakaanza kulala humo mchana kutwa. Kwa Mzee hiyo ilikuwa matumizi ya muda tu, kiwanja kilikuwa kinasubiri mnara.

Mwanzoni mwa 2017 jengo lilikuwa limejaa kwa asilimia 95. Taasisi moja ya umma ilishika ghorofa tano. Nyingine nne na nusu walikuwa mawakili, mawakala wa forodha na shirika moja lisilo la kiserikali. Pango lilikuwa dola 14 kwa mita kwa mwezi, na juu yake ada ya huduma dola 4 kwa ajili ya walinzi, usafi, lifti, maji na jenereta.

Barua ya ukurasa mmoja

Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na uamuzi huo ulikaa muda mrefu kiasi kwamba Mzee aliponunua kiwanja cha pili hakuufikiria hata kidogo. Hata Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba safari hii wanahama kweli, mjini watu wengi walisema tusubiri tuone. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu akahamia. Wizara zikaanza kufuata.

Barua ya taasisi ilifika Machi 2017, ukurasa mmoja, notisi ya miezi mitatu kama mkataba ulivyotaka. Mwisho wa Juni walikuwa wameondoka. Walibakiza kabati za chuma na kalenda za ukutani, na madai ya pango la miezi miwili ambayo yalilipwa baadaye sana.

Mita zilizobaki na wapangaji zikawa 2,160. Pango likashuka hadi dola 30,240 kwa mwezi. Pigo ambalo familia haikulitarajia lilikuja upande wa ada ya huduma. Ghorofa tano zikifungwa, mlinzi wa getini hapungui, lifti haikatwi nusu, na fundi wa jenereta anataka hela yake ileile. Gharama za huduma, ambazo jengo likijaa zilikuwa dola 17,000, zilishuka hadi 14,000 tu, wakati wapangaji waliobaki walikuwa wanachangia 8,640. Tofauti ya dola 5,360 ikawa inatoka mfukoni mwa mwenye jengo kila mwezi. Yaani ghorofa tupu ilikuwa inakula.

Februari 2019 shirika lisilo la kiserikali nalo likahamia Mikocheni, ghorofa moja zaidi. Ukitoa pengo la huduma, kilichobaki mkononi kilikuwa dola 16,240. Marejesho ni 21,000.

“Ofisi si ndizi”

Kati ya Julai 2017 na Agosti 2019 uamuzi wa familia ulikuwa kusubiri mpangaji mwingine mkubwa kwa bei ileile ya dola 14. Si uamuzi wa kijinga. Mzee alikuwa na sababu tatu, na zote nilizisikia kwake mwenyewe. Kwanza, benki ilithamini jengo kwa pango la dola 14, akaona akishusha bei thamani nayo itashuka na benki itamgeukia. Pili, wapangaji wanaongea kwenye lifti. Ukimpa mmoja dola 9, kesho asubuhi mawakili wote wako mlangoni. Tatu, taasisi za umma hazikuwahi kuisha mjini, akiondoka huyu atakuja yule.

Januari 2018 kampuni moja ya bima ilitaka ghorofa tatu. Walitoa dola 9, walipe ada ya huduma kamili, na wapewe miezi minne bila pango ili watengeneze ofisi. Mzee aliwakatalia kwa adabu. “Ofisi si ndizi,” alimwambia binti yake, “hazitaoza.”

Nilipopelekwa ghorofa ya saba kwa mara ya kwanza, mlango ulipofunguliwa tulirudi nyuma wote. Vyoo vilikuwa havijatumika miaka miwili, maji yaliyokaa kwenye mikunjo ya mabomba yamekauka, na harufu ya mfereji ilikuwa inapanda moja kwa moja hadi kwenye zulia. Dirishani, juu ya mashine ya nje ya kiyoyozi, kunguru walikuwa wamejenga kiota cha nyaya za hanga. Mlinzi alieleza kwamba dalali alikuwa akileta wateja wawili watatu kwa mwezi kuiona ghorofa hiyo. Hakuna aliyemaliza hata kuizunguka.

Binti ndiye aliyeniita. Benki ilikuwa imeandika barua baada ya marejesho matatu kuchelewa. Lakini Mzee alikuwa na jambo jingine la kunionyesha.

Mnara wa pili

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Nawe umekuja kuniambia nishushe bei?”

Mezani kulikuwa na mfano wa mnara wa ghorofa kumi na nane, plastiki ya buluu na vijiti vya miti ya kijani. Dalali mmoja na kampuni ya wasanifu walikuwa wamemletea andiko la upembuzi yakinifu: ajenge kwenye kiwanja cha magari, washirika kutoka nje walete sehemu ya mtaji, yeye alete ardhi. Hoja yao ilikuwa kwamba jengo lake ni tupu kwa sababu ni la zamani, na wapangaji wanataka kioo, lifti za kasi na viyoyozi vya kati. Kazi yangu ikawa kulipima andiko hilo kabla hajasaini.

Hesabu yao ilisimama juu ya tarakimu mbili: pango la dola 18, na jengo kujaa kwa asilimia 85 tangu mwaka wa kwanza. Kujenga, kwa bei ya mkandarasi wao, kungegharimu dola 1,150 kwa mita. Kwa hiyo kila mita ingeingiza dola 183.6 kwa mwaka, kama asilimia 16 ya gharama, na mkopo waliokuwa wakiuzungumzia ulikuwa wa riba ya asilimia 9. Kwenye karatasi ilipendeza.

Nilichukua daftari nikazunguka. Sikuhesabu taa usiku kama wengine wanavyofanya, maana wasafishaji huwasha hata ghorofa zisizo na mtu. Niliangalia viyoyozi vinavyodondosha maji saa tano asubuhi, nikasoma mabango ya “ofisi zinapangishwa”, na zaidi ya yote nilikaa na walinzi. Mlinzi wa mapokezi anajua ghorofa ipi inafunguliwa na ipi ina kufuli tangu mwaka juzi. Eneo la Ohio, Samora, Garden na Sokoine lilikuwa limepokea minara mingi kwa miaka michache, sehemu kubwa ya mifuko ya hifadhi ya jamii na taasisi za umma, mingine ikipita ghorofa thelathini. Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Palipokuwa na makao makuu manne panatosha moja, na mwenye minara kadhaa akawa mmoja, tena mwenye uwezo wa kungoja kuliko familia yenye deni la dola. Minara mipya yenye kioo ilikuwa ikitangaza bei ya dola 12, na ukikaa nao chini, dola 10 na miezi kadhaa bure.

Nikarudia hesabu kwa dola 9 na ujazo wa asilimia 70: dola 75.6 kwa mwaka, asilimia 6.6 ya gharama, chini ya riba. Kisha nikaona jambo ambalo hata wasanifu waliposhtuliwa hawakuwa na jibu. Andiko lilihesabu kila mita iliyojengwa kuwa mita ya kupangishwa, kana kwamba ngazi, korido na shimo la lifti vinalipa pango. Ukikubali kwamba robo ya jengo ni njia na huduma, inabaki asilimia 4.9.

Lakini kilichomgeuza Mzee hakikuwa hesabu hiyo. Kwa siku tano mfululizo nilikaa kwenye kibanda cha mlinzi kuanzia saa moja asubuhi nikahesabu magari. Wastani ulikuwa 58, na 41 kati yake ya wapangaji wa jengo. Nikawauliza mmoja mmoja kwa nini bado wako hapa wakati jirani wanatoa bei nafuu. Mawakili walitaja Mahakama Kuu pale Kivukoni, mawakala wa forodha wakataja bandari. Na wote, bila kupanga, wakamalizia na maegesho: mteja akija anapata pa kuweka gari bila kuzunguka mara tatu na kukuta risiti ya maegesho kwenye kioo. Mnara ungefuta maegesho hayo kwa miaka mitatu ya ujenzi. Ungejengwa juu ya sababu iliyowabakiza wapangaji wa jengo la kwanza.

Mzee alinyamaza muda. Akauliza, “Na huu mfano niufanyeje? Nimeulipia.”

Tulichoamua

Oktoba 2019 familia ilikubali mambo manne. Mpango wa mnara usitishwe, kiwanja kibaki maegesho. Ghorofa tatu tupu zikatwe vyumba vidogo vya mita 12 hadi 50, kimoja baada ya kingine kadiri hela itakavyoruhusu, vipangishwe kwa shilingi, bei moja yenye kila kitu ndani. Ghorofa zilizobaki zitangazwe kwa bei ya soko. Na binti aende benki kabla benki haijaja.

Sababu ya vyumba vidogo ilitoka kwenye daftari la mapokezi. Mlinzi alikuwa anaandika kila aliyeulizia ofisi. Katika mwaka mmoja waliotaka ghorofa nzima walikuwa wanne, na waliotaka chumba kimoja au viwili zaidi ya sitini. Wote sitini walijibiwa hakuna.

Bei moja kwa shilingi ilikuwa na sababu ya kikodi. Mpangaji mdogo ambaye hajasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) hawezi kurudishiwa kodi hiyo, iliyokuwa asilimia 18 wakati huo, kwake ni gharama tupu. Ukimtajia dola kwa mita, halafu ada ya huduma, halafu VAT, halafu umeme, anakuaga. Ukimwambia chumba cha mita 20 ni shilingi 850,000 kwa mwezi na intaneti imo, anauliza ataingia lini.

Yaliyofuata

Ghorofa ya kwanza ya vyumba iligharimu shilingi milioni 105, kuta za jipsamu, nyaya, viyoyozi vidogo na mita za umeme za kila chumba. Ilifunguliwa Februari 2020. Mwezi uliofuata Korona ikaingia nchini. Ofisi hazikufungwa kwa amri, lakini mawakala wa utalii waliokuwa wamelipia amana waliomba warudishiwe, na ghorofa ya pili ilichelewa hadi Septemba. Ya tatu ilimalizika katikati ya 2021. Waliojaza ni mawakili vijana, wahasibu, mawakala wa forodha wa mtu mmoja na msaidizi wake, vijana wanaotengeneza programu za simu. Wengi hawana gari, wanashuka mwendokasi wanatembea.

Benki ndiyo iliyotushangaza. Tangu 2017 Mzee aliogopa tathmini mpya. Binti alipokwenda nayo, ikiwa imeshuka kweli, afisa mikopo aliipitia haraka akasema anachotaka kuona ni mikataba iliyosainiwa. Mkopo ukageuzwa kuwa wa shilingi na muda ukaongezwa. Riba ilipanda, lakini rejesho la mwezi likashuka hadi kiasi kinacholipika. Shilingi ilipoteleza kutoka kama 2,300 hadi kupita 2,600 kwa dola mwaka 2024, pango lilikuwa la shilingi na deni la shilingi. Na kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni zilipotoka, mikataba iliyohitaji kuandikwa upya ilikuwa michache.

Lililoharibika ni chuo. Januari 2021 chuo cha kati kilichukua ghorofa mbili, nami ndiye niliyekipendekeza, wala sitalisukumia kwa mtu mwingine. Wanafunzi 260, vyoo vinne kila ghorofa, lifti mbili za watu wanane. Saa mbili kasorobo asubuhi foleni ya lifti ilifika barabarani. Siku moja nilimkuta wakili wa ghorofa ya tisa, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, joho mkononi, anahema. Hakunigombeza. Alinitazama tu. Wapangaji wawili wa zamani walitoa notisi mwezi huo, na kuwarudisha kulitugharimu punguzo. Chuo kiliondoka kwa makubaliano baada ya mwaka mmoja na nusu, na ghorofa zake zikakaa tupu hadi 2023, kampuni ya kusafirisha mizigo ya Zambia na Kongo ilipozichukua kwa bei inayolingana na dola 8.

Sasa jengo limejaa kwa asilimia 81. Ghorofa moja na nusu bado ni tupu kabisa, ila kila Ijumaa mtu anapita kumwaga maji vyooni.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema Dodoma ndiyo iliyoliangusha jengo hili, na familia ilisema hivyo kwa miaka miwili. Dodoma iliondoa mpangaji. Hasara iliyofuata ilitokana na kutetea pango lililotangazwa badala ya pango linaloingia. Tuchukue ile kampuni ya bima. Ghorofa tatu kwa dola 9, ukitoa miezi minne ya bure, kuanzia Januari 2018 hadi Agosti 2019 zingeingiza dola 207,360. Ada ya huduma ingeleta 115,200 nyingine. Jumla 322,560. Sasa chukua hofu ya Mzee katika ubaya wake wote: wapangaji wote waliobaki wasikie kwenye lifti siku hiyohiyo, wadai dola 9, na wapewe. Hasara yake kwa miezi hiyo 20 haizidi dola 216,000. Bado angebaki na zaidi ya laki moja mkononi, kabla ya gharama ya ziada ya kuhudumia ghorofa hizo tatu. Hakuna aliyeiandika hesabu hiyo wakati ule. Inachukua robo saa.

Na tusijidanganye kuhusu ushindi wetu. Ukitoa VAT, umeme, huduma na korido zisizolipa, vyumba vidogo vinaingiza karibu dola 6 kwa mita ya ghorofa, kabla ya kurudisha shilingi milioni 105. Dola 9 alizozikataa Mzee zilikuwa bora kuliko zote tulizopata baadaye. Vyumba vidogo vina kazi nyingi pia: wapangaji arobaini badala ya mmoja, kila mmoja na funguo zake na wageni wake, na kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka mamlaka ya mapato, ambayo nusu yao hawakuwahi kuisikia. Binti hutumia siku mbili kwa mwezi kufuatilia vyeti vya zuio. Faida yake ni kwamba akiondoka mmoja husikii.

Swali la kujenga upya mjini halijafungwa. Familia ilikosea kuliuliza kama dawa ya jengo tupu, kwa sababu mnara ungeuza bidhaa ileile kwa soko lilelile, mita hamsini kutoka pale ambapo bidhaa hiyo ilikuwa haitoki. Mwenye ofisi mwenye magari mengi amefuata Masaki, Mikocheni na barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na Daraja la Tanzanite, tangu 2022, limemrahisishia kuja mjini kwa shughuli ya saa moja na kurudi. Anayebaki katikati ni yule ambaye mahakama, bandari au mwendokasi vinamfunga pale, na huyo anataka chumba kimoja na bei anayoielewa. Ningeletewa andiko la jengo la kuchanganya, maduka chini, vyumba vidogo, makazi juu, na maegesho ya kutosha majengo mawili, ningelisoma kwa makini. Andiko la ghorofa kumi na nane za mita zilezile sitalisoma hadi mwisho.

Mimi binafsi, kosa langu la chuo lilikuwa la aina moja na la Mzee. Niliona asilimia za ujazo nikasahau kuuliza jengo linabeba watu wangapi. Hesabu ya lifti na vyoo ilikuwa ya dakika kumi, na michoro ilikuwa kabatini.

Kila Januari Mzee huniuliza kama wakati umefika. Tumekubaliana vipimo vitatu, vimeandikwa nyuma ya kalenda yake: jengo la zamani lipite asilimia 90 kwa mwaka mzima, robo tatu ya mita za jengo jipya ziwe na mikataba kabla ya kuchimba, na wapangaji wa sasa wawe wamepatiwa pa kuweka magari kwa kipindi chote cha ujenzi. Hakijatimia hata kimoja. Mfano wa plastiki uko mapokezi, mlinzi anatundika funguo za vyumba kwenye ile miti ya kijani. Mara ya mwisho nilipopita, kiwanjani kulikuwa na magari 61, na mmoja alikuwa amemzibia mwenzake.